Mwaka Nilioondoa Swali la Mwisho

Riziki alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa bado na uji mdomoni, akaniambia kwamba baba yake, Mwalimu Bonaventure, ametutoka. "Mama Masika," alisema, "Papa alisemaka: nikienda, muite Masika kati ya batu ba kwanza. Sisi hatujue ni ju ya nini, lakini njo nakuita." Mimi nilijua ni kwa sababu gani. Niliweka kikombe chini na nikakaa kitandani kama mtu aliyesahau anakokwenda. Kuna wafu unaowalilia kwa sababu umewapoteza, na kuna wafu unaowaogopa kidogo, kwa sababu wamekuachia peke yako mzigo mliokuwa mkiubeba wawili. Mwalimu alikuwa vyote viwili kwangu. Sasa tumekwisha kumzika, na kabla sijasema yaliyotokea kwenye maziko yake ni lazima nieleze mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka ambao niliifundisha mashine kutouliza.

Karakana yetu ilikuwa mjini, katika mtaa wa Murara, chumba kirefu cha mbao kilichojengwa juu ya mawe meusi, kati ya fundi viatu na Mama Jeanne aliyekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwenye karakana aliitwa Papa Déo, mwanaume wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya na miguu isiyojua kutulia. Alikuwa akipokea kompyuta zilizokwisha kutumika huko mbali, zinafika katika maboksi ndani ya lori, tunazipuliza vumbi, tunaziwekea mfumo mpya, kisha zinakwenda kwenye shule za sekondari. Mimi ndiye niliyekuwa wa mifumo. Saa sita tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo juu ya mfuniko wa kompyuta uliogeuzwa meza, na tukiwa tunakula tulisikia kila kitu kilichosemwa kwa Mama Jeanne, maana ukuta kati yetu ulikuwa ubao mmoja tu, tena wenye matundu. Wateja wake wengi walitoka upande wa Kibati, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Walisimulia nani ameonekana, nani hajaonekana, barabara ya Rutshuru imefungwa wapi, turubai za nani zimechanika. Tulikuwa tunajua hali ya barabara kabla ya redio, na siku ambazo ubao ule ulinyamaza ndizo tulizoogopa zaidi.

Kuweka mfumo katika kompyuta ni kazi ya kujibu maswali. Lugha gani? Kibodi ya namna gani? Saa za wapi? Kisha linakuja swali zito: diski hii igawanywe vipi? Kwa sababu diski haitumiki hivi hivi, lazima ikatwe vipande, kipande cha mfumo, kipande cha kazi za wanafunzi, na kingine kidogo cha kuisaidia kumbukumbu ikijaa. Kukata huko kunafuta kila kitu kilichokuwapo. Ndiyo maana mashine ikifika hapo husimama na kuuliza mara ya mwisho: una hakika? Na jibu ambalo imekwisha kukuwekea, usipoligusa, ni Hapana. Nilipenda sana jambo hilo nilipoanza kazi. Niliona kwamba mtu fulani, mahali nisipopajua, alikaa akafikiri juu ya mkono wa haraka wa mtu mwingine, akamhurumia.

Papa Déo hakupenda. Umeme mwaka ule ulikuja saa mbili kwa siku, pengine tatu, na hakuna aliyejua utakuja saa ngapi. Ukija, mimi niko kwenye mstari wa maji na madumu yangu, au nimetumwa kwa fundi wa kuchomelea, na mashine kumi zinawaka zote zikiuliza: una hakika, una hakika. Nikirudi mbio, umeme umekwenda na zote zimezimika katikati ya swali. Siku moja Papa Déo alipiga meza. "Hizi mashini zinaulizauliza sawa polisi ya ku barrière," akasema. "Masika, na weye ni mutu ya maswali, njo munasikilizana. Ondosha maulizo yote. Courant ikikuya, mashini isingoje mutu." Alikuwa akiniita Madame Question kwa sababu kila alichoniagiza nilikiuliza mara mbili. Nilicheka siku ile, ila nilichomwa kidogo, na kwa kijana, kuchomwa kidogo ni sababu ya kutosha ya kufanya jambo kubwa.

Ilinichukua wiki tatu za mvua. Kuna namna ya kuandika faili moja ya majibu, ukaiweka katika kompyuta moja ambayo ni mama wa nyingine zote. Zile nyingine zikiamka zinaiuliza mama kupitia waya, mama anazipa faili, nazo zinajijibia zenyewe. Niliandika lugha, kibodi, saa. Niliandika vipande vya diski na ukubwa wa kila kimoja. Nilipofika kwenye swali la mwisho, ambapo jibu lililowekwa ni Hapana, nililibadilisha kuwa Ndiyo kwa mstari mmoja tu. Kisha niliingia katika kila mashine nikaiambia ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Tukaondoa hata kibodi, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuzigusa. Mchana wa kwanza umeme uliporudi tulisimama mlangoni, Papa Déo na mimi, tukaziangalia. Feni zilianza kulia pamoja. Maandishi yalipita, diski zikakatwa, hakuna mkono. Mama Jeanne alichungulia kwenye tundu la ubao. "Nani iko mule ndani?" "Hakuna mutu, mama," nikamjibu. "Hakuna mutu, na vinatumika?" Akajifanyia ishara ya msalaba na uma wa samaki mkononi. Papa Déo alininunulia Fanta na kuniambia jina la Madame Question limekwisha siku hiyo. Nikiwaza sasa, Mama Jeanne peke yake ndiye aliyeuliza lililopasa kuulizwa.

Shehena ya pili ilikuja na mashine za namna mchanganyiko. Faili yangu ilitaja diski kwa jina, na nusu ya mashine hizi ziliita diski yao ya ndani kwa jina jingine, basi zikasimama, zikakataa. Papa Déo alikuwa ameahidi shule, akazunguka zunguka chumbani. Nilitafuta njia fupi, nikaipata: mstari unaosema, usitafute jina, chukua diski ya kwanza unayoikuta. Zote zikakubali. Sikuandika, chukua ile iliyo ndani. Niliandika ya kwanza, kwa kuwa kila mashine niliyoijua ilikuwa na diski moja, na ya kwanza ilikuwa ile ile ya pekee. Wazee wanasema haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi mno kiasi cha kutolisikia tena.

Mwalimu Bonaventure alikuwa mteja wetu asiye na kompyuta. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi katika kilima kimoja cha Rutshuru, mpaka kilima kizima kilipokimbia, naye akaja kukaa Kibati chini ya turubai pamoja na wanafunzi wake wa zamani ambao sasa walikuwa wazazi. Mrefu, koti moja, kola iliyopigwa pasi sijui kwa moto gani. Alikuwa na kinasa sauti kidogo, cha ukubwa wa vidole gumba viwili, alichopewa na wageni fulani waliokuja kuhoji watu wakaondoka. Nacho alifanya kazi aliyojituma mwenyewe. Kwao shamba halikatwi hivi hivi. Ukitaka kugawa, unaita majirani wa pande zote, mnautembea mpaka wa shamba kwa miguu, mnapanda miyenzi, ile miti yenye utomvu unaochoma macho, kisha mnakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, pamoja, na tangu siku hiyo kila aliyekunywa ni shahidi mpaka afe. Karatasi hazikuwapo. Mpaka ulikaa katika vichwa vya wazee, na wazee walikuwa wakifa Kibati kwa baridi na kuhara. Kwa hiyo Mwalimu alikwenda turubai kwa turubai, anamketisha mzee, anamwambia: tembea shamba la fulani, kwa mdomo. Mzee anafumba macho, anatembea. Jiwe hili, mti ule, kijito. Mwalimu ananasa.

Kila Jumatano alishuka mjini kwa miguu kuja kuchaji kinasa sauti kwetu, na alikuwa akiniambia habari za kazi yake wakati akingoja. Ndivyo nilivyomjua Mama Consolata kabla ya kumwona. Alikuwa mjane. Marehemu mume wake alimwachia shamba lenye avoka na maharagi, na shemeji yake, aliyerudi kilimani mapema kuliko wengine, alikwisha kulima akavuka mpaka, akasema lote ni la baba yao na halikugawanywa. Mashahidi waliokunywa kasiksi siku ya kugawa walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja, muzee Sebahire, naye alikufa wiki mbili baada ya Mwalimu kumnasa. "Huyu mama hana kingine," Mwalimu aliniambia, akigonga kile kinasa sauti kwa ukucha. "Yote iko humu. Baraza ya wazee itakaa mwisho wa mwezi, tutawasikilizisha Sebahire, itaisha." Nilimuuliza kama ameweka nakala. Akacheka. "Mutoto yangu, nakala ni kichwa yangu. Nilikuwaka pale akisema."

Jumatano ile alikuja mapema, umeme haupo. Alikuwa anakwenda kumwona daktari kwa ajili ya macho, hakuweza kungoja. Nyaya zetu za kuchajia zilikuwa zimejaa simu za mtaa mzima, kwa sababu Murara nzima ilituachia simu kwetu, na kumkatalia mtu moto wa simu ni kama kumkatalia maji. "Acha hapa, Mwalimu," nikamwambia. "Courant ikikuya, itajicharge yenyewe." Nikachukua kinasa sauti kwa mkono wangu huu na kukichomeka kwenye tundu la mbele la mashine ya sita katika safu ya zile mpya. Hata sasa nakumbuka kwamba kilikaa vizuri, kikabana. Nikaenda kwenye maji. Mstari ulikuwa mrefu, wanawake walikuwa wakibishana, na niliposikia redio za maduka zikilipuka muziki zote kwa pamoja nilifurahi. Umeme umerudi, nilijiambia, na mashine zangu zinafanya kazi bila mimi.

Niliporudi kila skrini ilikuwa imeandika kwamba kazi imekwisha bila kosa. Mashine kumi na mbili, bila kosa. Nilizizima na kuziwasha upya kuzijaribu, nikachomoa kinasa sauti kabla ya kuiwasha ya sita, na ya sita haikuamka. Ilisema haioni mfumo. Nilisimama pale, nikaangalia kile kitu katika kiganja changu. Nilikichomeka katika mashine yangu mwenyewe. Kilikuwa kimekatwa vipande vitatu, cha mfumo, cha wanafunzi, na kile kidogo, kwa vipimo vyangu nilivyoviandika. Katika mashine ile kinasa sauti kilihesabiwa kuwa diski ya kwanza, mbele ya diski ya ndani. Kiliulizwa kama kuna hakika, na mimi, nikiwa kwenye mstari wa maji nusu kilomita kutoka pale, nilikuwa nimekwisha kujibu ndiyo, wiki nyingi kabla. Kwa watu wa Mwalimu mtu hakati kipande hata cha hatua kumi bila kuita majirani wa pande nne. Mimi nilikata kilima chao kizima bila kumwita mtu.

Papa Déo hakupiga kelele. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana, akaketi, na kuketi kwake kuliniogopesha kuliko maneno. "Nani anajua?" "Weye na miye." "Bon. Sikiliza. Ile appareil ilikuwa ya zamani, ilianguka mara ngapi? Unamupatia, unanyamaza. Atajaribu, ataona haiko kitu, atafikiri imekufa yenyewe." Nikamwambia shamba la Mama Consolata limo humo. Akavua miwani. "Masika, siko mutu mubaya. Lakini ukisema ni sisi, kilima muzima inashuka hapa. Na shule itasikia ya kama tunafuta vitu ya batu. Tutafunga. Utaenda wapi?" Ningeweza kuandika hapa kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ninyamaze, na yeye alikuwa karibu.

Basi Mwalimu alirudi kutoka kwa daktari na matone machoni, akaweka kinasa sauti sikioni, akabonyeza. Akabonyeza tena. Alikigeuza, akakipulizia. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya kompyuta iliyofunguliwa, nazungusha bisibisi katika skrubu iliyokwisha kukazwa. Nilisubiri aseme kimekufa. Lakini kwenye kioo kidogo kiliandika kwamba ni kitupu, na kitu kilichokufa hakiandiki. Mwalimu alisoma neno hilo kwa muda mrefu. "Nilibonyeza nini?" akasema taratibu, si kwetu. "Jana nilibonyeza nini?" Akatutazama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Macho yangu imekuwa mubaya. Daktari amesema ni uzee. Nilifikiri ni macho tu." Papa Déo akasema, "Pole, Muzee, inafikaka." Mimi sikusema hata pole. Akaondoka, na mlangoni alisimama akajaribu kukumbuka ashike upande gani, yeye aliyeijua njia ile kwa mwaka mzima.

Wiki zilizofuata nilifanya kazi moja tu ya siri. Nilikuwa nimekwisha kunakili kila chembe ya kinasa sauti kile kabla ya kumrudishia, na kila umeme ulipokuja nilipitisha juu yake programu ya kufukua vilivyofutwa. Maji yakimwagika hayazoleki, ila matone mengine hubaki kwenye mawe. Nilipata sauti ishirini na kitu kati ya zaidi ya mia, bila majina, bila tarehe, nyingine zimekatwa katikati ya kikohozi. Mzee mmoja alikuwa anasema kijito, kijito, kisha kimya. Niliwasikiliza watu hawa nikiwa nimeziba masikio kwa spika, watu ambao nusu yao walikuwa wamekwisha kuzikwa, wakitembea mashamba nisiyoyajua. Muzee Sebahire sikujua sauti yake. Nilijiambia yumo humo. Nilijiambia kwamba nikimpata nitasema.

Mwisho wa mwezi ulifika, na habari ya baraza niliipata kupitia ubao, nikiwa na tonge la bugali mkononi. Wanawake wawili walikuwa wakila sambaza upande wa pili. Mmoja alisema, "Walimuita Mwalimu aape. Akasimama. Akasema: siwezi kuapa. Nilikuwako Sebahire akisema, nafikiri nakumbuka, lakini miye mwenyewe nilifuta sauti ya batu na sijue hata namna gani. Kichwa yangu imenitoka. Musiniamini." "Alisema vile?" "Mbele ya bote. Wakapatia shemeji. Wamepanda miyenzi mipya, wamekunywa." "Na Consolata?" "Consolata alitoka bila kumusalimia Mwalimu. Alipita mbele yake sawa anapita muti." Mama Jeanne akauliza kama wanaongeza pilipili. Papa Déo aliendelea kula, macho chini. Nilielewa hapo kitu ambacho sikukifikiria hata mara moja. Kufutika kwa sauti hakukumnyang'anya Mama Consolata shamba. Mwalimu alikuwa shahidi mzima, anayeheshimiwa na kilima, na neno lake lingetosha. Kilichomnyang'anya ni kwamba Mwalimu aliamini ni yeye aliyefuta.

Nilikwenda Kibati siku iliyofuata, bila kumuaga Papa Déo. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya turubai yake kwenye jiwe, na binti yake Riziki, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa shule, alikuwa akimmenyea viazi kana kwamba hawezi kushika kisu. Nilimwomba tuongee wawili. Nilieleza vibaya, kwa maneno ya kazi, faili, mama, diski ya kwanza, mpaka akaniinulia mkono. "Sema kwa kifupi." "Ni miye nilifuta, Mwalimu. Si weye. Nilijua siku ile ile." Nilitegemea hasira, nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa. Badala yake aliweka viganja juu ya uso wake, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa gunia. "Basi kichwa yangu iko muzima," akasema.

Kisha, pale pale, bila mimi kumuuliza, akafumba macho na kuanza kutembea shamba la Mama Consolata. "Unaanzia ku jiwe yenye iko na mugongo sawa ngombe amelala. Unaangalia mulima ya Mikeno. Unashuka hatua makumi ine, unakuta avoka yenye radi ilipasua, upande moja inazaa, upande ingine hapana. Pale Sebahire alisema: hapa njo niliweka mukono yangu, na bwana ya Consolata aliweka yake juu ya yangu. Unageuka kushoto..." Alikwenda pande zote nne. Alitaja waliokunywa kasiksi, tisa, na nani aliketi karibu na nani, na nani alikataa kibuyu kwa sababu alikuwa na jino linalouma. Hakukosea, hakurudi nyuma. Nilimsikiliza mpaka akarejea kwenye jiwe. Shamba zima lilikuwa mle kichwani, na lilikuwa limekwisha kutolewa.

Nilimwambia twende kwa wazee leo, niseme mbele yao. Akatikisa kichwa. "Wamekwisha kunywa. Mupaka wenye wamekunywia hawaufungue tena, ni mupaka sawa ingine. Na ukisema, batu ya ile sauti mia yote watakuya kwako kuuliza mashamba yao. Utawapatia nini, Masika? Uko na shamba?" Nikalia. Hakunibembeleza. "Uliniachia mwezi muzima nifikiri nimekuwa mupumbavu," akasema. "Nilianza kuogopa kuwasha moto peke yangu. Ile njo mubaya. Ya mashini naweza kuisamehe. Ile bado." Kisha akaniamuru nilete sauti zile ishirini na kitu.

Nusu ya pili ya mwaka ule tuliimaliza hivyo, kila Jumatano. Nilikuwa nimerudisha swali la mwisho katika faili. Papa Déo aliniona nikilirudisha akaniacha, na mashine zikaanza tena kutungoja, nasi tukachelewa kila kazi. Mwalimu aliweka spika masikioni, akasikiliza kikohozi, akasema: huyu ni fulani, hili ni shamba la fulani, andika. Yaliyokatika aliyamalizia mwenyewe kwa kichwa, na mimi nikaandika katika daftari la shule. Sebahire hakuwamo. Tulipomaliza zilizopatikana tukaanza zisizopatikana, na alizitoa moja baada ya nyingine, kwa miezi. Watu wengi wa kilima kile walirudi na karatasi zilizotoka katika daftari lile. Nilimuuliza mara moja kwa nini asiwaambie kwamba hakufuta yeye. "Watauliza ni nani," akajibu, na hakutaka kuzungumza zaidi. Nilidhani baadaye angesema. Papa Déo alifunga karakana akahamia kwa watoto wake, mimi nikaolewa, nikapata kazi nyingine, nikafundisha vijana wangu mwenyewe, na kila mwaka uliopita ulinifanya niamini kwamba jambo lile limekwisha kuzungumzwa na mtu fulani, mahali fulani, bila mimi.

Alhamisi ya maziko tuliketi uani kwa Riziki, viti vya plastiki kwa safu, mwili umelazwa sebuleni mlango wazi. Katekista alizungumza vizuri. Alitaja miaka ya ubao na chaki, alitaja Kibati, alitaja daftari. Kisha akashusha sauti, kwa upendo kabisa, akasema, "Tunajua bote, Mwalimu alikuwa mutu, alikosa. Ule mwaka kichwa yake ilimutoka, akafuta sauti ya wazee wetu, na mama moja akapoteza shamba yake. Alituambiaka yeye mwenyewe. Tumuombee na ile." Watu wakasema amina. Riziki aliinamisha uso kwa aibu iliyozoeleka, aibu aliyokua nayo. Nilitazama ile aibu, nikaelewa kwamba hakuwaambia hata watoto wake.

Karibu na lango, kwenye kiti cha mwisho, aliketi mwanamke mzee mwenye kitenge cha bluu ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani. Alikuja kwa kuwa msiba haukataliwi, lakini hakuwa ameingia kuuona mwili. Nilisimama. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Nilitaja jina langu, nikataja Murara, nikasema, kwa kifupi kama nilivyofundishwa, kwamba Mwalimu hakufuta kitu, niliyefuta ni mimi, naye alijua, akaninyamazia.

Mama Consolata, yule wa kitenge cha bluu, hakuuliza habari ya shamba. Aliuliza kutoka pale langoni, "Alijua tangu lini?" Nikamwambia tangu wiki ile ya baraza. "Na miaka hii yote nilikuwa napita mbele yake?" "Ndiyo, Mama." Kisha akainuka, akashika viti kimoja kimoja, akapita katikati ya safu, akanipita bila kunitazama, akaingia sebuleni. Tulimsikia akimsalimia, kwa Kinyarwanda, salamu ndefu ya asubuhi anayopewa mtu mzima, ile inayouliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, na kila baada ya swali alingoja kidogo kabla ya kuuliza jingine. Hakuna aliyeniambia niketi.